Posa ya Mdaa wa Babu Evaristo

"Babu, huu mti wako ni dume au jike?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, nimesimama chini ya kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yetu hapa Lumemo, Ifakara, kidole puani. Sikuuliza kwa ubaya. Wiki ileile mama alikuwa amekata mpapai wetu kwa sababu ulikuwa dume: unatoa maua yanayoning'inia kama hereni za harusi, halafu papai hakuna. Basi mimi nikaona ni haki kila mti uulizwe mapema, ujitetee kabla panga halijafika.

Babu Evaristo, baba yake mama yangu, alikuwa juu ya kichuguu amechuchumaa, anapanga makapi ya mpunga kuzunguka shina la mti wake kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Akasimama. Akatoa mswaki mdomoni. Akanitazama kama vile nimemtukana mbele ya wakwe.

"Mdaa si mpapai," akasema, akaurudisha mswaki mdomoni.

Hilo halikuwa jibu. Hata kwa akili yangu ya darasa la tatu niliona kwamba si jibu. Jibu lenyewe nimelipata mwaka huu, nikiwa fomu foo, na limegharimu miaka minane, mshenga mmoja na jembe moja.

Lazima kwanza nieleze babu yangu ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtasema natunga.

Kwa miaka ishirini na tisa Babu alikuwa mfungua maji katika mashamba ya mpunga ya umwagiliaji upande wa Mkula. Kazi yake ilikuwa kutembea kandokando ya mfereji na kufungua maji yaende kwa huyu, kisha kumfungia huyu ili yaende kwa yule. Kazi rahisi, ungesema. Lakini kila aliyefunguliwa alisema maji ni kidogo, na kila aliyefungiwa alisema Babu anapendelea. Ametukanwa kwa Kindamba, kwa Kipogoro na kwa Kisukuma. Anadai mara moja katekista mmoja alimtukana kwa Kilatini, ila Bibi anasema yule katekista alikuwa anasali tu, ni Babu aliyekuwa na dhamiri mbaya.

Alipostaafu alirudi nyumbani Lumemo na redio, viatu vya mpira, na sufuria yenye mfuniko. Bibi Oliva, mke wake, akaipokea sufuria kwa mikono miwili. Alidhani ni nyama. Alipofunua akakuta kijiti chenye majani saba kimesimama kwenye udongo.

"Nini hiki?"

"Mdaa."

"Unaliwa?"

"Mizizi yake ni mswaki. Na vitunda vyake ndege wanavipenda."

"Mimi ni ndege, Evaristo?"

Babu alikuwa ameshaanza kupanda kichuguu.

Mdaa ni kichaka cha huku huku kwetu. Hakikuja kwa meli wala kwa mradi. Kinaota chenyewe kwenye vichuguu na kwenye mapori makavu, na majani yake hayapukutiki mwaka mzima. Mwezi wa kumi, wakati bonde zima limekuwa rangi ya mkate ulioungua na hata mbuzi wanatembea kwa kuhesabu hatua, mdaa unabaki kijani kana kwamba haujasikia habari. Babu ana miaka sabini na minne na meno yote thelathini na mawili, na ukimpa nafasi atakuhesabia moja moja. Anasema ni mswaki wa mdaa. Midomo yake imekolea rangi ya matofali, na watoto wa jirani walikuwa wanaamini anakula udongo.

Sasa, kilichowachekesha watu ni bustani yenyewe. Babu alitangaza kwamba juu ya kichuguu kile atalima bustani isiyomwagiliwa hata kikombe. Alichimba shimo la kina cha mkono mzima ili mzizi ushuke wenyewe kutafuta riziki. Akaziba kwa mawe na makapi kutoka mashine ya kukoboa mpunga, ili unyevu usitoroke. Akaongeza mishubiri miwili na mkonge mmoja, akasema hao ni majirani wenye tabia nzuri. Msimu wa kwanza wa mvua mdaa ulinywa ulichonyeshewa. Baada ya hapo, mwiko.

Na hii ni Ifakara! Ifakara ambako mwezi wa nne maji yanaingia chumbani bila kubisha hodi na vyura wanalala kwenye viatu. Mtu kulima bustani ya ukame hapa ni sawa na kuhamia Kidatu kwenye miwa halafu ulambe chumvi. Watu walipita kuangalia. Wengine walileta wageni.

Turudi siku ile ya swali langu. Babu alipokwisha kusema mdaa si mpapai, tulisikia kicheko jikoni. Bibi akatoka akifuta macho, sijui ni kwa kicheko au kwa moshi, maana jiko lake ni la miti na udongo na moshi wake hauna adabu.

"Mtoto kauliza vizuri kuliko watu wazima," akasema. "Evaristo, huo mti uzae au uondoke. Mimi nataka jiko la matofali, na udongo wa kichuguu ndio udongo wa matofali. Haupasuki. Kila mtu mtaani kashavunja chake. Changu mimi kimekaliwa na mke mwenzangu!"

"Utazaa," Babu akasema.

"Lini?"

"Mti haupangiwi zamu."

"Aliyesema hivyo ni mtu aliyepangia maji zamu miaka ishirini na tisa. Sikiliza." Bibi alinishika bega akanisogeza mbele kama kielelezo mahakamani. "Huyu Levina yuko darasa la tatu. Nakupa mpaka amalize fomu foo. Huo mti ukiwa umezaa, kichuguu chako. Usipozaa, vijana wa matofali wanaingia siku anatoka kwenye mtihani wa mwisho. Nimekupa miaka minane. Katika miaka minane hata jiwe lingezaa."

Babu alinitazama juu mpaka chini. Nilikuwa mfupi, sina meno mawili ya mbele, na siku ile nilikuwa nimevaa gauni nyuma mbele. Nadhani alipiga hesabu akaona mtu kama huyu hatafika fomu foo karibuni.

"Nimekubali," akasema.

Bibi akamwita Mzee Osward, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, awe shahidi. Mzee Osward akashuhudia kwa hotuba ndefu kidogo kuliko mahubiri ya Pasaka.

Miaka ikaanza kwenda, na adui wa kwanza wa mdaa hakuwa Bibi. Alikuwa huruma. Mwezi wa kumi jumuiya husali rozari kila jioni nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ilipofika watu walikaa uani wakatazamana na kichuguu. Jua lote lile, mti hauna maji! Mzee Osward akagusia, katikati ya tafakari, kwamba kuwanywesha wenye kiu ni tendo la huruma. Basi. Kuanzia kesho yake, kila mwanajumuiya aliyepita alipitia uani, akatazama kushoto na kulia, akaupa mdaa kikombe. Wengine walirudi na ndoo. Baada ya wiki mbili majani yakaanza kuwa ya njano, na watu walipoona ya njano wakasema masikini, kiu imezidi, wakaongeza.

Babu alipogundua alikaa chini kwenye makapi. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akilia kwa sababu ya ukarimu. Akaniita niandike kibao, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Alinitajia neno moja moja:

TAFADHALI USINIMWAGILIE. NIMESHIBA.

"Niandike nani kasema, Babu?"

"Andika: Mdaa."

Kibao kipo mpaka leo. Mti ulipona. Mzee Osward alitoa tangazo kwenye jumuiya kwamba tendo la huruma lihamie kwa wagonjwa.

Nilipofika darasa la sita mdaa ulikuwa umenizidi urefu. Mwaka uleule ukachanua. Maua madogo meupe ya maziwa, mengi, yenye harufu tamu, na nyuki wakaja mpaka Bibi akaanza kuanika nguo upande mwingine. Babu alitembea mtaa mzima. "Njoo uone! Njoo uone!" Alimkaribisha hata mtu aliyekuja kuuliza njia.

Bibi akaja, akanusa. "Maua si matunda," akasema, akarudi kwa moshi wake.

Maua yakaanguka. Matunda hakuna. Mwaka uliofuata, maua tele, matunda hakuna. Mwaka uliofuata tena, hivyo hivyo. Kila mara maua yalipoanguka Babu alikuwa na sababu: upepo, nyuki wa siku hizi hawana nidhamu, mdaa una aibu ya kuzaa mbele za watu. Kwa sababu hiyo ya mwisho alitukataza kupita upande ule mwezi mzima, na mimi nilikuwa naenda chooni kwa kuzunguka nyumba.

Nikaingia fomu tu, yaani kidato cha pili. Kwenye baiolojia tukafika kwenye ua: hapa chavua, hapa ovari, ua hili la kiume, ua lile la kike. Nikaukumbuka mdaa. Nikamwomba mwalimu lenzi, nikaenda nayo nyumbani kwenye soksi, nikapanda kichuguu, nikafungua ua la mdaa kwa sindano. Chavua. La pili, chavua. Nilifungua maua arobaini. Arobaini! Vijiti vya chavua vimejaa kama nyuzi za pindo la mkeka, na mahali pa ovari, patupu kabisa.

Babu alikuwa nyuma yangu. "Unafanya nini kwenye mwili wa mtu?"

"Babu," nikasema, "huu mti hautazaa. Si kwamba bado. Hautazaa."

"Nani kasema?"

"Lenzi."

Akaichukua, akafumba jicho moja, akachungulia. Akageuza lenzi. Akachungulia tena. Akafumba jicho lingine.

"Umemwambia nani?"

"Bado."

"Bibi yako?"

"Bado."

"Basi hujaona kitu. Na hii lenzi ina uchafu."

Lakini siku ile hakula vizuri. Jioni nilimkuta amekaa kwenye jiwe kando ya kibao chake. Nikamuuliza kwa nini asimwachie tu Bibi udongo wake, maana bado miaka miwili na yeye mwenyewe kashajua mwisho wake. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

"Levina," akasema, "miaka ishirini na tisa kila kitu kilichonitazama kilikuwa kinaniomba maji. Watu, mpunga, bata. Nikilala naota watu wanaomba maji. Huu ndio kitu pekee ninachokijua ambacho hakijawahi kuniomba. Nikikaa hapa napumzika."

Nikasogeza jiwe lingine karibu na lake. Tukakaa. Siku tatu baadaye aliniita nyuma ya banda la kuku, akatazama huku na huku.

"Ukiwa na kijana mkubwa nyumbani, mwenye afya, ana kila kitu ila hana mtoto, unafanyaje?"

"Unamwacha asome?"

"Unamtafutia mke," Babu akasema.

Ndivyo nilivyojikuta Mkula siku ya Jumamosi, kwenye posa ya kichaka. Tulikwenda watatu: Babu, mimi, na Mzee Osward kama mshenga, amevaa koti la harusi za watu wazito. Babu alikumbuka kwamba kwenye kichuguu cha Bibi Yosefina, anayeuza ndizi na machungwa kando ya barabara, kuna mdaa unaozaa vitunda vyeusi kila mwaka. Tatizo ni kwamba Bibi Yosefina naye alimkumbuka Babu. Mwaka fulani, zamani, Babu alimfungia maji siku moja kabla ya zamu yake kuisha.

"Shikamoo, Bibi," nikaanza mimi, kupoza hali.

"Marahaba, mwanangu. Wewe karibu. Huyo Mfungua Maji abaki kwenye jua."

Mzee Osward akakohoa. "Mama, tumepita, tumeona ua zuri katika nyumba hii, tukasema tusipite kimya."

"Ua lipi? Binti zangu wote wameolewa."

"Lile la juu ya kichuguu."

Bibi Yosefina alitazama kichuguu. Akamtazama Babu. Akatutazama tena mimi na koti la Mzee Osward. Nilidhani atatufukuza kwa ufagio. Badala yake akavuta kigoda, akakaa, akakunja mikono, na nikaona macho yake yanang'aa. Kumbe alikuwa amesubiri miaka yote ile kumweka Babu kwenye foleni.

"Kijana anafanya kazi gani?"

Mzee Osward akamgeukia Babu. Babu, kutoka juani, akajibu, "Anasimama."

"Anakunywa?"

"Hanywi kabisa. Hata maji."

"Heh! Wa hivyo hawapatikani. Ana nyumba?"

"Ana kichuguu chake mwenyewe," Babu akasema.

"Kwa sasa," mimi nikaropoka. Mzee Osward akanikanyaga.

"Wa ukoo gani? Nisije nikawaozesha ndugu."

"Ukoo wa kando ya mfereji, mama, karibu na lile daraja la miti. Mbali na hapa," Babu akasema.

Yakaendelea hivyo mpaka machungwa matatu yakaisha kuliwa, yote na mshenga. Mwishowe Bibi Yosefina akasema atatoa chipukizi moja lenye mzizi wake, limeota kwenye mzizi wa mama, kwa hiyo ni jike bila shaka yoyote. Lakini mahari ni jembe.

"Jembe tu?" Babu akaruka. "Nitanunua jipya leo leo!"

"Nani kasema jipya? Nataka jembe lililolima. Lililozoea mkono wa mwanamke, ili binti ajue anakwenda kwenye nyumba ya watu wa kazi. Kwetu binti hatoki bila hilo."

Mzee Osward akaninong'oneza kwamba katika ushenga wake wa mara kumi na moja hajawahi kusikia desturi hiyo. Lakini Babu alikuwa anatazama chini, na mimi nilijua kwa nini. Nyumbani kwetu kulikuwa na jembe moja tu lililozoea mkono wa mwanamke. Lilikuwa la Bibi Oliva, la mpini wa mninga, limefungwa kitambaa chekundu shingoni. Bibi alilima nalo tangu mama yangu yuko tumboni. Alikuwa analiosha kabla ya kuosha miguu yake.

"Litafika," Babu akasema, kwa sauti ndogo.

Jumamosi iliyofuata bibi harusi aliwasili Lumemo amefungwa kwenye khanga, amepakatwa na Babu mwenyewe, kimo chake kama chupa ya soda. Tukampanda hatua tatu kutoka kwa bwana harusi, shimo la kina cha mkono, mawe, makapi. Mzee Osward akatoa nasaha za ndoa. Aliwaambia wavumiliane.

Bibi akatokea na kikapu. "Na huyu nani?"

"Mwenzake," Babu akasema. "Wa kumliwaza."

"Nakwambia upunguze, unaongeza." Akapita. Halafu akarudi. "Evaristo, jembe langu umeliona?"

Babu akaanza kupiga mswaki kwa nguvu. "Labda mchwa."

"Mchwa wamekula jembe?"

"Mpini."

"Na chuma?"

"Mchwa wa siku hizi," Babu akasema.

Bibi alilitafuta jembe lile miezi mitatu. Alichungulia chini ya vitanda. Alimshuku jirani, akamshuku mbuzi, akawaomba radhi wote wawili. Babu alimnunulia jipya, akalikataa, akasema halina shukrani. Mimi nilikuwa nakula wali wake kila siku bila kumtazama usoni. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, mara mbili nikamwona Babu amekaa kwenye jiwe lake ametulia, nikaufunga.

Tukasubiri. Fomu sri, bibi harusi alifika gotini kwangu. Mafuriko yakaja, uani pakawa ziwa, na juu ya kichuguu wakajazana kuku wetu, bata wa jirani na mbuzi aliyeshukiwa, wote wamewazunguka maharusi kama wageni waalikwa. Maji yakaondoka, hakuna aliyekufa. Fomu foo, mwezi wa saba, asubuhi moja kabla ya shule, nikaliona kwenye tawi lake: ua. Nikakimbilia lenzi (ndiyo, nilikuwa bado sijairudisha, naomba radhi). Ovari! Imevimba katikati kama tumbo la panzi! Na nyuki walikuwa wanatoka kwa dume wanakwenda kwa jike bila hata kupumzika njiani.

Mwezi wa kumi na moja vilikuwepo vitunda ishirini na viwili. Vya kijani, kisha vikaanza kuwa vyeusi, vidogo kama shanga. Babu alikuwa anavihesabu asubuhi na jioni na kuwafukuza ndege aliokuwa anawasifia zamani.

Nikafanya mtihani wa mwisho siku ya Ijumaa. Nilipofika nyumbani, bado nina kalamu sikioni, nikakuta vijana wawili wa matofali wamekaa uani na majembe na kifyatulio chao. Mzee Osward alikuwa kwenye kiti, ndani ya koti lake. Bibi amesimama chini ya kichuguu. Babu amesimama juu, mikono ameipanua mbele ya miti yake kama golikipa.

"Shahidi yupo, mtoto kamaliza," Bibi akasema. "Evaristo, huo mti umezaa?"

"Umezaa. Ishirini na viwili. Panda uhesabu."

"Nimehesabu. Viko kwa huyu mfupi. Makubaliano yalikuwa huo mrefu."

"Vya mfupi ni vya mrefu. Ni watoto wake."

"Watoto wake?" Bibi akageukia watu. "Mwenyekiti, mwaka ule mtoto huyu alipouliza, si tuliambiwa mdaa si mpapai? Leo mdaa una mke na watoto?"

Mzee Osward akasema kumbukumbu zake zinakubaliana na za mama. Kijana mmoja wa matofali akacheka, mwenzake akampiga kiwiko.

"Haya, tuseme ni mke wake," Bibi akaendelea, polepole sasa. "Mwanamume anahesabiwa watoto kama ametoa mahari. Alitoa?"

"Alitoa," Babu akasema.

"Alitoa nini?"

Babu akatafuta mswaki mfukoni. Haukuwepo. Mzee Osward ghafla akaanza kukagua vifungo vya koti lake, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Mwezi uliopita," Bibi akasema, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, "nilipita Mkula kununua ndizi. Kuna mama pale anauza ndizi nzuri. Ana bustani pia. Analima vizuri sana. Nilisimama nikamwangalia anavyolima, nikamwangalia mpaka ndizi zikaiva mkononi."

Mimi nikakikumbuka kile kitambaa chekundu shingoni mwa jembe.

"Nimeishi na moshi miaka yote hii, mwaka mmoja zaidi hautaniua," akasema Bibi. "Matofali naweza kupata kwingine, na wewe ndiye utakayeyabeba kichwani. Kwa hiyo sikiliza. Nikisikia ukweli wote, kichuguu ni chako mpaka ufe. Nikisikia nusu, hawa vijana wanapanda sasa hivi. Levina, mwanangu, muulize Babu yako lile swali lako."

Nikasogea mpaka palepale niliposimama nikiwa darasa la tatu. Safari hii macho yangu yalikuwa yanalingana na magoti yake. Nyuma yake mdaa mrefu ulikuwa umesimama, kijani kabisa, kibao shingoni, hauombi chochote kwa mtu.

"Babu," nikasema, "huu mti wako ni dume au jike?"

Babu akautazama mti. Akavitazama vitunda. Akamtazama Bibi, akavua kofia.

"Dume," akasema. "Dume, mjukuu wangu. Na jembe nililichukua mimi."